Rimu nyepesi za Subaru ya barabarani: namna ya kuchagua zisikulize kwenye shimo la kwanza

Mwenye Impreza akishika hela kidogo hakuulizi habari za shokamzoba wala pedi za breki. Atakuuliza rimu gani ndiyo nyepesi kuliko zote. Swali si baya, ila limeruka foleni. Gari linalokwenda kazini Jumatatu na kupanda Limuru Jumapili linahitaji kwanza rimu inayoingia, pili rimu inayostahimili barabara zetu, na tatu ndipo tuanze kuhesabu kilo. Nitafuata mpangilio huo. Mfano wangu ni Subaru Impreza WRX STI, kwa kuwa ndilo gari ninalolijua kwa mikono yangu mwenyewe. Mwenye Evo, Celica au GT86 atabadilisha tarakimu tu, hatua ni zilezile.

Wengi wetu tuliipenda Impreza tulipoiona ikiwa ya buluu na rimu za dhahabu kwenye Safari Rally. Colin McRae alishinda nayo 1997, na Richard Burns 2000. Rangi ya rimu zile kila mtu anaikumbuka. Ukubwa hakuna anayeuangalia. Magari ya ralli ya dunia yakikimbia kwenye vumbi na mawe huvaa rimu ya inchi 15, na inchi 18 huwekwa kwenye lami laini ya Ulaya. Watu wenye pesa za kununua rimu yoyote duniani wakifika Naivasha wanavaa ndogo yenye tairi nene. Liweke hilo akilini muuzaji atakapokuvuta kwenye inchi 19.

Hatua ya 1: Pima gari lako, usiulize mtu

Kipimo cha kwanza ni PCD, yaani kipenyo cha duara linalopita katikati ya stadi zote tano, zile boliti zinazotokeza kwenye habu na kushika gurudumu. Hapa Subaru imewapotezea watu hela nyingi. STI za miaka ya mwanzo zina 5x100, yaani stadi tano kwenye duara la milimita 100. Mnamo 2004 Japani ilipotoa toleo jipya, na kwa modeli za 2005 kwingineko, STI ikahamia 5x114.3 na habu zikawa nene zaidi. WRX isiyo STI ikabaki na 5x100 hadi kizazi kilichoisha 2014. Kwa hiyo magari mawili yanayofanana uso, ya mwaka mmoja, yaliyoegeshwa ubavu kwa ubavu, yanaweza kukataa kuazimana rimu.

Usitegemee kitabu cha usajili, kwa sababu mwaka ulioandikwa si lazima uwe wa toleo unalolidhania. Na gari la mtumba linaweza kuwa limebadilishwa habu zamani. Toa gurudumu moja, chukua rula, upime kutoka katikati ya stadi moja hadi katikati ya stadi iliyo jirani yake. Ukipata karibu milimita 59, PCD yako ni 100. Ukipata karibu 67, ni 114.3. Kazi hiyo ni ya dakika kumi, na jeki ndiyo inayochukua muda mwingi.

Kisha kuna tundu la katikati ya rimu, lile linalokalia habu. Subaru ni milimita 56.1. Toyota Wish, Premio na Allion zimejaa kila mtaa, nazo zina 5x100 kama Subaru ya zamani, basi mtu anaona rimu zake, anadhani amepata. Tundu la Toyota hizo ni 54.1. Halitaingia. Fundi atakwambia, "Boss, hiyo tunakwangua kidogo tu." Kataa. Tundu lililochongwa kwa grainda halibaki duara wala halibaki katikati, na usukani utakutetemekea mikononi hadi utakapouza gari. Rimu ya Volkswagen yenye 5x100 ina 57.1, na hiyo inaingia ikiacha nafasi. Nafasi hiyo huzibwa kwa pete ya habu yenye kipimo sahihi. Rimu nyingi zisizo za kiwanda hutobolewa tundu kubwa makusudi ili zikae kwenye magari mengi, kwa hiyo pete hizo ni za kawaida kabisa. Hakikisha tu unazipata zote nne.

Nati nazo zina mtego wake. Stadi za Subaru ni M12x1.25. Toyota, Honda na Mitsubishi nyingi hutumia M12x1.5. Nati ya Toyota huanza vizuri kwenye stadi ya Subaru, mizunguko miwili mitatu, halafu inakuwa ngumu. Kijana mwenye bunduki ya upepo hatasikia huo ugumu, ataisukuma tu, na stadi itakuwa imeliwa meno. Angalia pia kikalio cha nati. Rimu nyingi za kununua zinataka nati ya koni ya nyuzi 60. Rimu za kiwanda za Toyota mara nyingi hutumia nati yenye washa bapa, za Honda zina kikalio cha mviringo kama mpira. Ukichanganya, nati inagusa rimu kwa ukingo mwembamba tu, na baada ya safari chache inalegea yenyewe.

Hatua ya 2: Acha breki ziamue kipenyo

STI yenye kalipa za Brembo, zile sehemu za breki zinazobana diski, haikubali rimu chini ya inchi 17. Hata hiyo 17 si lazima ikubali, maana kinachogusa kalipa mara nyingi si duara la rimu bali mgongo wa spoki. Rimu mbili zenye namba sawa kwa kila kitu, moja itazunguka bila shida na nyingine itakwama kwenye kalipa, kwa sababu spoki za moja zimepinda kwenda nje na za nyingine ziko wima.

Njia ya uhakika ni kuijaribu rimu tupu, bila tairi, kwenye gurudumu la mbele. Ikaze kwa nati tatu kwa mkono na uizungushe polepole. Kati ya kalipa na rimu nataka kuona angalau milimita 3, kwa kuwa chuma kikipata moto hutanuka na kokoto huingia. Kama rimu ziko mbali, mwambie muuzaji abandike kipande cha plastini nyuma ya spoki, au tengeneza kiolezo cha kadibodi cha kalipa yako umpelekee.

Ikishapita breki, usipande zaidi. Hesabu ya ukuta wa tairi ni rahisi: upana wa milimita mara asilimia inayoufuata. Tairi ya 225/45R17 ina ukuta wa milimita 101. Ukienda 225/40R18 unabaki na 90. Ukienda 225/35R19 unabaki na 79. Huo ukuta ndio mto uliopo kati ya rimu yako na shimo la barabara ya mtaani baada ya mvua ya Aprili. Kila inchi unayopanda unautoa mto na kuongeza aloi, na aloi hiyo inakaa mbali na katikati, mahali ambapo uzito una gharama kubwa zaidi.

Mwenye STI ya 2008 na kuendelea ana bahati ya kurudi nyuma. Gari lake mara nyingi hutoka na 245/40R18, ambayo kipenyo chake chote ni milimita 653. Tairi ya 245/45R17 ni 652. Spidomita haitajua tofauti, ukuta unaongezeka kutoka 98 hadi 110, na rimu ya 17 ya muundo uleule karibu daima ni nyepesi kuliko ya 18. Ataonekana amevaa viatu vidogo, ni kweli. Mimi napenda hivyo, wengine hawapendi.

Hatua ya 3: Upana na ofseti, kwa kalamu na karatasi

Ofseti ni umbali kutoka mstari wa katikati wa upana wa rimu hadi uso unaokalia habu, kwa milimita. Huandikwa ET53, +53, au kwa Wajapani inset 53. Namba ikiwa kubwa, gurudumu limeingia ndani ya gari. Ikipungua, linatoka nje kuelekea madigadi.

STI ya mwanzoni yenye rimu ya 17 ilitoka na upana wa inchi 7.5 na ET53. Tuseme umeona 17x8 ET45, kipimo ambacho wenye 5x100 wanakipenda sana. Fanya hivi. Nusu ya upana wa inchi 7.5 ni milimita 95.25. Ondoa 53, unapata 42.25, huo ndio umbali wa rimu ya zamani kwenda nje. Ongeza 53, unapata 148.25, umbali wa kwenda ndani. Sasa ile mpya: nusu ya inchi 8 ni 101.6. Ukitoa 45 unapata 56.6 kwenda nje, ukijumlisha 45 unapata 146.6 kwenda ndani. Kwa hiyo rimu mpya inatoka nje kwa milimita 14 na inasogea mbali na shokamzoba kwa karibu 2. Kwa gari la kimo cha kiwanda hiyo inakaa vizuri. Kwa gari lililoshushwa, pima ukiwa na watu wanne ndani, usukani umekatwa hadi mwisho, na mtu wa tano akichungulia madigadi.

Hesabu hiyo uifanye kwa kila rimu kabla ya kutuma hata senti. Mimi sipendi kusogeza mstari wa katikati zaidi ya milimita 10 kutoka kwa kiwanda. Ukizidi hapo beringi zinabeba mzigo kwa mkono mrefu, na usukani unaanza kukuvuta kila gurudumu moja likigusa tuta kabla ya jingine. Watu watakwambia gari limekaa vizuri. Hao hawakai kwenye kiti chako.

Spesa, vile visahani vya kuweka kati ya habu na rimu ili kurekebisha ofseti mbaya, sizitaki, hasa zile nyembamba za mtaani zinazomeza urefu wa stadi. Kama lazima uweke spesa ili rimu ikae, hiyo rimu si yako. Mwachie mwenyewe.

Hatua ya 4: Imetengenezwaje, na itabeba nini

Rimu za aloi huzaliwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni kusubu: aloi iliyoyeyushwa humiminwa kwenye kalibu, ikipoa inatolewa. Ndiyo rahisi na ndiyo ya magari mengi ya kiwanda. Ili iwe na nguvu lazima iwe nene, kwa hiyo huwa nzito. Ya pili huanza kwa kusubu, halafu duara la nje hupashwa moto na kuvutwa kwa rola likizungushwa, hadi chuma kinashikana na kuwa chembamba. Enkei huita njia yao MAT, na RPF1 yao ndiyo mfano maarufu. Ya tatu ni kufua: bonge la aloi hupigwa na mashinikizo ya maelfu ya tani hadi likawa rimu, kama mfua vyuma na jembe, isipokuwa nyundo ni ya ukubwa wa nyumba. Volk Racing TE37 ya kampuni ya Rays, iliyotoka 1996, ni ya kufuliwa. Ile 37 kwenye jina inatokana na uzito wa kilo 3.7 uliolengwa kwa kipimo cha 15x6.

Rimu iliyofuliwa ikipigwa na shimo huelekea kupinda kabla ya kupasuka. Iliyosubiwa huelekea kupasuka kabla ya kupinda. Kwa barabara zetu hiyo tofauti ina thamani kuliko kilo yoyote, kwani rimu iliyopinda hukufikisha nyumbani.

Kuna na aina ya nne, ya hatari, nayo ni nyepesi iliyosubiwa bila utaalamu wowote: mtu amenakili sura ya rimu ya kufuliwa, akaimimina, halafu akapunguza unene ili ifanane hata uzito. Mimi seti yangu ya kwanza ilikuwa hiyo. Ilikuwa na herufi zote mahali pake na muuzaji alikuwa na maneno matamu. Mwezi wa pili gurudumu la kushoto nyuma likaanza kupoteza upepo kila usiku. Nikaziba pancha ambayo haikuwepo. Fundi wa tairi mwishowe akamwaga maji ya sabuni kwenye rimu yenyewe, na viputo vikatoka kwenye ufa wa urefu wa kidole, upande wa ndani ambao hakuna anayeutazama. Mzee akanitazama tu, "Kijana, hii ulinunua ya kuning'iniza ukutani?"

Tangu siku hiyo nageuza rimu na kusoma mgongo wake kabla ya kutazama uso. Tafuta alama ya JWL, kiwango cha Japani cha rimu za aloi. JWL mtengenezaji hujitangazia mwenyewe kwamba amekifikia. VIA ikiwepo pembeni yake, maana yake kuna chombo cha nje kilichothibitisha majaribio hayo: kuizungusha rimu ikiwa imepindishwa, kuikandamiza ikizunguka, na kuiangushia uzito kwa pembe. Rimu za Ulaya mara nyingi zitakuwa na alama ya TÜV. Alama zinaweza kuigizwa, hilo najua vizuri, lakini rimu isiyo na alama yoyote haihitaji hata mjadala.

Alama moja ambayo wanunuzi wanairuka ni uzito wa juu wa kubeba, kwa mfano 690 kg. Fungua kitabu cha gari, angalia uzito wa juu unaoruhusiwa kwa ekseli iliyo nzito zaidi, ugawe kwa mbili. Rimu yako lazima iwe juu ya namba hiyo, na mimi huacha nafasi ya ziada, maana huwa tunapakia ndugu, magunia na mtungi wa gesi tukienda ushago. Rimu iliyotengenezwa kwa Honda ndogo inaweza kuwa nyepesi na nzuri na ya kweli kabisa, na bado isikufae.

Magnesi usiiwaze. Ni nyepesi zaidi, lakini hula kutu upesi na hudai kukaguliwa kila mara. Kwa anayeishi Mombasa, Tanga au Unguja, ambako hewa yenyewe ina chumvi, hata aloi ya kawaida iliyong'arishwa bila rangi itakupa kazi ya kusugua.

Hatua ya 5: Sasa ndio kilo

Vijana husema kilo moja ukiipunguza kwenye gurudumu ni sawa na kilo kumi kwenye bodi. Nimeisikia hata kwa watu wazima. Tuihesabu. Gari linapoongeza mwendo, gurudumu hufanya kazi mbili, linasogea mbele pamoja na gari na linazunguka. Uzito ulio pembeni kabisa, pale tairi inapogusa lami, huhesabiwa mara mbili: mara moja kwa kusogea na mara moja kwa kuzunguka. Kupita hapo haiwezekani. Na rimu haiko pembeni kabisa. Iko ndani ya tairi, na sehemu nzuri ya uzito wake imekaa karibu na habu, kwa hiyo kilo yake moja huhesabika kama kilo moja na nusu hivi, au pungufu.

STI ina kama kilo 1,470. Ukipunguza kilo 2 kwa kila rimu, hayo ni mafanikio makubwa, umetoa kilo 8. Hata tukikuonea huruma tukazidisha mara mbili, ni 16. Umemshusha mtoto wa chekechea. Gari halitakuwa jipya kwa kuondoka.

Faida ya kweli iko kwingine. Rimu, tairi na breki ni uzito ambao springi haiubebi. Gurudumu likipigwa na tuta linarushwa juu, na shokamzoba ndiyo yenye kazi ya kulirudisha chini. Gurudumu zito hukawia kurudi, na kwa muda huo tairi inagusa lami kwa shida au haigusi kabisa. Jepesi hurudi haraka. Utaisikia kwenye kona yenye lami iliyokunjamana, pale malori yanapofungia breki: gari lililokuwa linaruka pembeni sasa linashika njia. Utaisikia pia kwenye usukani. Mimi ndicho ninachokilipia, na nimeridhika.

Kwa vile uzito wa nje kabisa ndio ghali, usisahau kwamba tairi iko nje kuliko rimu. Tairi mbili za kipimo kilekile, za kampuni tofauti, zinaweza kupishana kwa zaidi ya kilo moja. Nimeona mtu akilipa pesa nyingi kuokoa kilo moja na robo kwenye rimu, kisha akavisha tairi iliyoirudisha yote. Chukua mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mizigo ya uwanja wa ndege, uende nayo dukani. Pima rimu tupu. Pima tairi tupu. Andika. Uzito unaotajwa na muuzaji mara nyingi ni wa kipimo kidogo kuliko chote katika aina hiyo, na spoki zile zile kwenye 18x9 ni habari nyingine.

Rimu halisi yenye jina kubwa ikikuzidi nguvu, kuna njia ya kati ninayoipenda kuliko nakala yoyote: seti za kiwanda. Kuna STI zilizotoka na rimu za BBS zilizofuliwa, 17x7.5 ET53, na hupatikana mara moja moja miongoni mwa vitu vya mtumba kutoka Japani. Kwenye STI ya mwanzoni ya 5x100 zinaingia bila pete, bila spesa, bila maswali. Hesabu ya Hatua ya 3 inakuwa sifuri.

Hatua ya 6: Za mtumba zikague zikiwa uchi

Rimu nyingi tutakazonunua zimeshazunguka mahali pengine kwanza. Iwe ni Grogan au Kariakoo, sharti langu ni moja: tairi itoke. Muuzaji akikataa, naondoka.

Ipandishe kwenye mashine ya balansi ikiwa tupu, izungushwe, nawe utazame ukingo wa ndani. Wa nje kila mtu ameshaupiga rangi. Ukiona mawimbi, imepinda. Kupinda kidogo kwa ukingo kunaweza kunyooshwa kwa mashinikizo. Kunyoosha kwa moto wa gesi sikukubali. Aloi hizi hupata nguvu zake kwa kuokwa kiwandani kwa joto lililopimwa, na ukizipasha kupita nyuzi 200 zinaanza kulainika. Rimu itatoka imenyooka, inang'aa, na itapinda tena kwenye shimo dogo kuliko la kwanza. Iliyochomelewa, hasa kwenye spoki au karibu na nati, irudishe kwenye rundo.

Rangi mpya kabisa juu ya rimu ya miaka 20 inanitia wasiwasi kuliko mikwaruzo. Mikwaruzo inakwambia ukweli. Pitisha ukucha nyuma ya spoki, pale inapoungana na duara, na kuzunguka matundu ya nati. Ukucha ukikwama kwenye mstari mwembamba, futa kwa kitambaa chenye petroli uangalie tena. Petroli hukauka juu kwanza, na ndani ya ufa hubaki mstari mweusi.

Hatua ya 7: Tairi, kisha kufunga

Subaru ina diferensho ya katikati inayogawa nguvu mbele na nyuma, nayo haina utani na tairi zisizolingana. Mzunguko wa tairi zote nne usipishane zaidi ya robo inchi, milimita 6 hivi. Maana yake aina moja, kipimo kimoja, zinunuliwe pamoja na kuchakaa pamoja. Mbili mpya mbele na mbili za zamani nyuma ni mtindo wa Toyota. Ukiufanya kwenye STI utakuja kununua diferensho.

Angalia namba ya mzigo kwenye ukuta: 91 ni kilo 615, 94 ni kilo 670. Kwa barabara mbovu mimi huchukua ya 94. Soma na tarehe, tarakimu nne za mwisho baada ya DOT: 1424 ni wiki ya 14 ya mwaka 2024. Upepo fuata kibandiko cha mlangoni, upime tairi zikiwa baridi, na usikubali kupunguziwa eti gari liwe laini. Tairi ya ukuta mfupi yenye upepo kidogo huipeleka rimu moja kwa moja kwenye ukingo wa shimo.

Siku ya kufunga, sugua uso wa habu kwa brashi ya waya hadi kutu itoke yote. Stadi zisipakwe grisi. Anza nati kwa vidole, zote tano, halafu kaza kwa mtindo wa nyota ukitumia spana yenye kipimo, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari lako. Bunduki ya upepo ni ya kufungulia. Ukimaliza nenda kwenye alaimenti, maana utakuwa umegundua kuwa usukani haukuwa umenyooka tangu zamani, ila tairi mbovu zilikuwa zinaficha. Baada ya kilomita 80 hadi 100, zikaze tena kwa spana ileile.

Kisha rudisha rimu moja ya zamani, au spea tairi, kwenye kalipa ya mbele uone kama bado inazunguka. Jaribu kama nati zako mpya zinaikubali. Na ule wrenchi wa buti uliokuja na gari, ujaribu kwenye nati hizo, kwani nyingi za rimu za kununua zimeingia kwenye tundu jembamba na soketi nene haifiki. Fanya hayo ukiwa nyumbani, mchana, chai iko mezani. Mimi niligundua langu saa tano usiku, nje kidogo ya Mtito Andei, na dereva wa lori aliyenisaidia alikuwa na soketi moja tu iliyotosha, aliyokuwa akiitumia kufungulia mlango wa kabati lake.